Dumu Moja na Uniti Moja: Kuielewa Bei ya Maji ya Kunywa katika Mji Unaokua

Jina la Mtoni linajieleza lenyewe. Ni mahali palipo kandokando ya mto Kizinga, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu na kuelekea baharini, na ni hapo ulipojengwa, enzi za ukoloni, mmoja wa mitambo ya mwanzo ya kusafisha maji ya Dar es Salaam. Ruvu Juu ilifuata mwaka 1959 na Ruvu Chini katikati ya miaka ya 1970. Uwezo wa mtambo wa Mtoni ni takriban lita milioni 9 kwa siku. Kwa mji uliokuwapo wakati unajengwa, hayo yalikuwa maji mengi. Leo Wilaya ya Temeke peke yake ina zaidi ya watu milioni 1.3 kwa Sensa ya mwaka 2022, na kama maji yote ya mtambo huo yangegawanywa kwao sawasawa, kila mmoja angepata chini ya lita 7, yaani theluthi moja tu ya dumu.

Tumeanza na hesabu hiyo kwa makusudi. Maswali mengi tunayoulizwa na watumiaji wa huduma huanza na bei: kwa nini ankara imepanda, kwa nini jirani analipa kidogo, kwa nini muuza maji wa mkokoteni anapandisha bei bila kumwuliza mtu. Maswali hayo yote ni ya haki. Lakini hayajibiki vizuri mpaka tujue maji yanatoka wapi, ni kiasi gani, na yanapotelea wapi kabla ya kumfikia mnywaji. Katika somo hili tutakwenda kwa mpangilio huo, ila tutakaa kwa muda zaidi mahali penye fedha za msomaji.

Hesabu ya dumu

Mamlaka za maji huuza maji kwa uniti. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, na lita 1,000 ni madumu 50 ya lita 20. Msomaji akishika jambo hili moja, ataweza kulinganisha bei yoyote ya maji anayotajiwa, iwe ya bombani, ya kioski, ya guta au ya boza. Zidisha bei ya dumu kwa 50, nawe utapata bei ya uniti.

Dumu la shilingi 50 ni uniti ya shilingi 2,500. Dumu la shilingi 100 ni uniti ya shilingi 5,000. Dumu likifika shilingi 200, uniti imefika 10,000. Na siku za mgawo, dumu linapouzwa shilingi 500, mnunuzi analipa shilingi 25,000 kwa uniti. Na anayenunua chupa ya nusu lita kwa shilingi 500, kwa wale wanaopenda kustaajabu, amenunua maji kwa kiwango cha shilingi milioni moja kwa uniti. Hatusemi asinunue. Tunasema tu kwamba hesabu ni hiyo.

Sasa tuchukue kaya moja ya mfano, ambayo tumeitunga kwa kufuata maisha ya kaya nyingi za wapangaji wa Temeke. Mama, mume wake na watoto watatu wamepanga vyumba viwili katika mtaa usiokuwa na bomba la nyumbani. Wananunua madumu sita kwa siku, kila dumu shilingi 200. Kwa siku ni shilingi 1,200. Fedha hizo hutoka kidogo kidogo, asubuhi madumu mawili, jioni manne, na kwa sababu hiyo hazionekani kuwa nyingi. Kwa mwezi wa siku 30 zinakuwa shilingi 36,000, nao wamepata lita 3,600, yaani uniti 3.6. Kila mtu katika nyumba hiyo ametumia lita 24 kwa siku. Shirika la Afya Duniani huhesabu lita 20 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini kabisa, kinachotosha kunywa, kupika na usafi wa lazima tu. Kaya yetu imeupita mstari huo kwa lita nne.

Tuseme kaya hiyo ingekuwa na bomba lake, na tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba bei ya uniti ni shilingi 2,000. (Bei halisi ya mtaa wako imeandikwa kwenye ankara, tafadhali itumie hiyo badala ya hii ya mfano.) Maji yaleyale, uniti 3.6, yangegharimu shilingi 7,200 kwa mwezi. Tofauti ni shilingi 28,800 kila mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 345,600.

Hapa baadhi ya wasomaji watatupinga, nao wana hoja. Mtu akipata bomba hatumii tena lita 24. Ataoga vizuri, atafua mara nyingi zaidi, watoto watanawa mikono bila kukaripiwa kwamba wanamaliza maji. Basi tuseme matumizi yamepanda mpaka uniti 10 kwa mwezi, karibu mara tatu. Ankara itakuwa shilingi 20,000. Bado ni pungufu kuliko shilingi 36,000 za madumu, na afya imeongezeka ndani ya nyumba.

Kinachomzuia mama huyu ni gharama ya kuunganishiwa. Bei ya maji haimzuii hata kidogo. Mabomba, viungio, dira, uchimbaji na ufundi hulipwa mwanzoni, na kadiri bomba kuu lilivyo mbali na nyumba ndivyo gharama inavyopanda. Kama makadirio yake yangekuwa shilingi 300,000, tofauti ya matumizi ya awali tuliyoihesabu ingeyalipa katika muda wa miezi kumi na moja hivi. Lakini mtu mwenye kipato cha siku kwa siku hana shilingi 300,000 za leo, hata kama anazo shilingi 1,200 za kila siku. Huu ndio msingi wa jambo ambalo wengi huliona kama kejeli ya mji: mwenye uwezo mdogo analipia lita moja kwa bei kubwa zaidi kuliko mwenye bustani. Kwa hiyo, unapoomba kuunganishiwa, mambo mawili ni muhimu. La kwanza, dai makadirio ya maandishi yanayoonyesha kila kifaa na bei yake, wala usimlipe fundi mkononi. La pili, uliza wazi kama gharama inaweza kulipwa kwa awamu pamoja na ankara za kila mwezi. Mamlaka za maji zimewahi kuweka utaratibu wa namna hiyo, na asiyeuliza mara nyingi haambiwi.

Maji ya kwenye karatasi na maji ya bombani

Katika muongo uliopita uwezo wa kuzalisha maji ya Dar es Salaam uliongezwa sana. Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, kwa msaada wa Marekani. Ruvu Juu ilipanuliwa kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa siku, kwa mkopo kutoka India. Mwezi Novemba 2022 ulizinduliwa mradi wa visima virefu vya Kigamboni wenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku. Tukijumlisha na mtambo wetu mkongwe wa Mtoni, tunapata lita milioni 545 kwa siku.

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ukigawanya, kila mtu ana lita 101 kwa siku. Madumu matano! Mkazi wa Mtoni Kijichi au Mbagala akiisoma hesabu hii atauliza kwa hasira madumu yake yamekwenda kwa nani.

Jibu lina sehemu kadhaa. Maji ya Ruvu hayaishii Dar es Salaam. Njiani yanahudumia Kibaha, Mlandizi, Bagamoyo na miji inayokua kando ya barabara. Viwanda, hospitali, shule, hoteli na maeneo ya ujenzi hutumia sehemu yake. Kisha kuna maji yanayopotea, ambayo wataalamu huyaita maji yasiyolipiwa: yanayovuja kwenye mabomba yaliyochakaa au kukatwa na makatapila ya ujenzi wa barabara, yanayoibwa kwa maunganisho ya siri, na yanayopita kwenye dira mbovu bila kuhesabiwa. Kwa miaka mingi upotevu huo katika Dar es Salaam umekuwa zaidi ya theluthi moja ya maji yote yaliyosafishwa. Theluthi moja ya lita milioni 545 ni zaidi ya lita milioni 180 kwa siku, yaani sawa na mitambo ishirini ya ukubwa wa ule wa Mtoni. Ni maji yaliyokwisha kusukumwa kwa umeme, yakatiwa dawa, yakalipiwa gharama zote isipokuwa ile ya kumfikia mtu.

Halafu kuna jiografia. Ruvu Juu na Ruvu Chini zote zinaingia mjini kutoka upande wa magharibi na kaskazini, na matangi makubwa yako huko Kimara na Chuo Kikuu. Kwa muda mrefu Temeke ilikuwa mkiani mwa mtandao. Msukumo wa maji hupungua kila bomba linapogawanyika, na mtaa ulio mwisho wa bomba hupata maji usiku wa manane wenzake wakiwa wamelala, au haupati kabisa. Ndiyo maana visima vya Kigamboni vina maana kubwa kwa upande huu wa kusini kuliko inavyoonekana kwenye jumla ya lita.

Mwisho, lita milioni 545 ni uwezo wa mitambo, na mtambo hausafishi maji ambayo mto hauna. Mwezi Oktoba 2022, baada ya mvua kukawia, kina cha Ruvu kilishuka kiasi kwamba ilitangazwa ratiba ya mgawo kwa jiji zima. Mitambo ilikuwa mizima. Mto ndio uliopungua. Kasoro hiyo ndiyo inayokusudiwa kurekebishwa na bwawa la Kidunda, lililozungumzwa kwa miongo mingi na ambalo mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini mwezi Novemba mwaka huohuo. Bwawa hilo limesanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, ili maji ya masika yaachiliwe mtoni wakati wa kiangazi. Halitaongeza bomba hata moja Mtoni. Litakachofanya ni kuhakikisha mitambo iliyopo haikosi cha kusafisha.

Tunayaeleza haya kwa sababu mtumiaji husikia habari za mradi mkubwa na kutarajia bomba lake litoe maji kesho yake. Kuna miradi ya kuzalisha, kuna ya kuhifadhi, kuna ya kusambaza. Ukisikia mradi umezinduliwa, uliza ni wa aina gani. Mtaa usio na mabomba ya usambazaji hautanufaika na mtambo mpya, hata uwe mkubwa namna gani.

Kuna utafiti mmoja mashuhuri uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960, ambao ulirudiwa katika maeneo yaleyale miaka thelathini baadaye. Uligundua kwamba kaya zenye bomba nyumbani zilikuwa zimepunguza matumizi kwa karibu nusu. Watu hawakuwa wamejifunza kubana maji. Bomba lilikuwapo, ila maji hayakuwa yakitoka kwa saa za kutosha. Kuhesabu mabomba tu, kwa hiyo, ni kipimo kinachodanganya, nasi hatupendi kukitumia.

Nani hupanga bei, na mtumiaji ana nafasi gani

Mamlaka ya maji haiwezi kuamka asubuhi na kupandisha bei. Kwa mujibu wa sheria, bei za huduma ya maji huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Mtoa huduma huwasilisha maombi yenye hesabu zake: umeme kiasi gani, dawa kiasi gani, mishahara, matengenezo, marejesho ya mikopo, na kiasi cha maji anachotarajia kuuza. Mdhibiti huzikagua. Gharama isiyo ya lazima hukatwa. Kisha huitishwa mkutano wa taftishi, ambao ni wa wazi, ili wananchi watoe maoni kabla ya uamuzi. Katika mkutano huo watumiaji pia wana mtetezi wao wa kisheria, yaani Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC.

Tukiri jambo moja. Mikutano ya taftishi mara nyingi huhudhuriwa na wenye dira. Mama anayenunua kwa dumu haji, kwa sababu hahesabu kwamba bei inayojadiliwa ni yake. Kwa kiasi fulani yuko sahihi, kwa kuwa bei ya mkokoteni haiidhinishwi na mtu. Lakini muuza mkokoteni amechota mahali fulani: kwenye kioski, kwenye kisima, au kwa mwenye bomba. Bei ya pale anapochota, na idadi ya sehemu za kuchotea zilizo wazi mtaani, ndizo zinazoamua bei ya mkokoteni. Kioski kikifungwa kwa sababu mwendeshaji hakulipa ankara, dumu hupanda mchana uleule. Kwa maoni yetu, hakuna hoja nzito inayoweza kutolewa kwenye taftishi kuliko ile ya mkazi anayesimama na kusema: katika mtaa wetu kuna vioski vitatu, viwili vimefungwa, na cha tatu kinauza kwa bei tofauti na iliyobandikwa.

Unapokwenda kutoa maoni, basi, usiseme tu kwamba maji ni ghali. Sema unalipa kiasi gani kwa dumu, unapata maji siku ngapi kwa wiki, na kwa saa ngapi. Takwimu ya mtu mmoja iliyoandikwa kwa mwezi mzima kwenye daftari la mtoto la shule huwapa wakaguzi kitu cha kulinganisha na hesabu za mtoa huduma.

Na tusisahau historia yetu wenyewe. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water kwa mkataba wa miaka kumi; mwaka 2005 mkataba ulivunjwa, DAWASCO ikaundwa kushika kazi hiyo, na shauri likaendelea mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2018 DAWASCO iliunganishwa na DAWASA. Mara zote hizo mjadala ulikuwa juu ya nani aendeshe. Mkazi aliyekuwa nje ya mtandao alibaki nje ya mtandao, na mjadala haukumgusa sana.

Nyumba moja, dira moja, wapangaji sita

Malalamiko magumu zaidi kuyaamua ni yale ya nyumba za kupanga. Nyumba ina vyumba sita, dira moja, na ankara inakuja kwa jina la mwenye nyumba, ambaye pengine haishi hapo. Mpangaji mmoja ana watoto wanne, mwingine yuko peke yake na anarudi usiku tu. Wanagawana sawa. Mwezi mmoja wawili hawalipi, maji yanakatwa kwa wote, na waliolipa wanateseka pamoja na wasiolipa.

Sheria inamtambua mwenye mkataba na mtoa huduma, naye ni mwenye nyumba. Mpangaji hana dira yake, hivyo hawezi kumshtaki mtoa huduma kwa kukatiwa maji ambayo ankara yake haikulipwa. Anachoweza kufanya ni kudai mambo yafuatayo kabla ya kuhamia, si baada: aonyeshwe ankara ya mwisho, ajue kama kuna deni la nyuma, na makubaliano ya kugawana yaandikwe. Kugawana kwa idadi ya watu kuna haki zaidi kuliko kugawana kwa vyumba. Baadhi ya nyumba hufunga vidira vidogo vya ndani kwa kila mpangaji; ni gharama, lakini hupunguza ugomvi. Pale ambapo bei hupanda kwa ngazi kadiri matumizi yanavyoongezeka, kaya sita zinazotumia dira moja huonekana kama mtumiaji mmoja mkubwa na kulipishwa kwa ngazi ya juu. Mwenye nyumba aliye katika hali hiyo aulize uwezekano wa kutenganisha dira.

Neno moja kwa wenye nyumba wanaowauzia majirani maji. Mnasaidia, hasa siku za mgawo. Lakini ukiuza dumu kwa mara tano ya bei unayolipa, jirani yako anaijua hesabu ya kuzidisha kwa 50 kama ulivyoijua wewe.

Maji yanayonyweka na yasiyonyweka

Kwa sababu bomba halikufika, Temeke imejaa visima. Ukame wa mwaka 1997 ulileta wimbi la uchimbaji, na tangu hapo watu binafsi, misikiti, makanisa na kamati za maji wameendelea kuchimba. Kisima kirefu kilichochimbwa vizuri ni neema. Kisima kifupi kilicho hatua chache kutoka shimo la choo ni jambo jingine kabisa.

Kuna matatizo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni vijidudu. Hivi huuawa kwa kuchemsha maji mpaka yatokote kwelikweli kwa dakika moja au zaidi, au kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. La pili ni vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji: chumvi ya bahari inayopenyeza ardhini, na naitreti zinazotoka kwenye vyoo. Hivi haviondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha maji ya chumvi kwa muda mrefu, mvuke unatoka na chumvi inabaki, hivyo unayafanya kuwa makali zaidi. Maji yenye naitreti nyingi ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, na hayana ladha wala rangi ya kukuonya. Kwa hiyo maji ya kisima kifupi yatumike kufulia na kudekia, na ya kunywa yatafutwe kwingine, hasa kwa watoto.

Mwenye kisima anayeuza maji anapaswa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na kuonyesha matokeo ya maabara. Mwulize. Akikasirika, umepata jibu.

Maji ya bomba nayo huchafuka nyumbani. Yametoka yakiwa na klorini, yakakaa siku tatu katika pipa lisilo na mfuniko, yakachotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono saba. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 uliendelea kusambaa nchini mpaka wagonjwa wakapita 20,000. Chombo chenye mdomo mwembamba, au ndoo yenye koki na mfuniko, hugharimu kidogo kuliko siku moja ya mtoto hospitalini. Siku za mgawo, maji yanaporudi baada ya siku kadhaa, acha ya kwanza yaingie kwenye ndoo ya kudekia mpaka yawe meupe, ndipo ujaze ya kunywa. Bomba lililokuwa tupu hufyonza uchafu wa nje kupitia nyufa zake.

Dira, ankara na malalamiko

Mwenye dira aisome mwenyewe. Tarakimu nyeusi huhesabu uniti nzima, na nyekundu huhesabu sehemu za uniti. Ankara hutozwa kwa zile nyeusi. Andika usomaji wa siku ileile ambayo msoma dira hupita, na ulinganishe na ankara inapokuja. Usomaji uliopita ukitolewa kwenye usomaji wa sasa hupatikana uniti ulizotumia. Kama namba zilizo kwenye ankara zimezidi zilizo kwenye dira yako leo, kuna kosa, na halihitaji mtaalamu kulithibitisha.

Ukishuku uvujaji, funga bomba zote usiku kabla ya kulala, piga picha ya dira kwa simu, na uipige tena alfajiri kabla mtu hajafungua maji. Namba zikisogea, maji yanatoka mahali fulani baada ya dira, na hayo ni ya kwako kulipa. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza karibu dumu moja kwa siku. Uvujaji ulio kabla ya dira ni wa mtoa huduma. Utolee taarifa na uandike tarehe na saa.

Lalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, pamoja na nakala za ankara na picha za dira. Omba namba ya kumbukumbu. Lalamiko lisilo na namba ni mazungumzo tu. Usipojibiwa au usiporidhika, lipeleke EWURA, ambako husikilizwa bila malipo, na EWURA CCC inaweza kukusaidia kuliandaa. Pande zote mbili huitwa, upatanishi hujaribiwa kwanza, na ukishindikana uamuzi hutolewa. Asiyeridhika na uamuzi huo anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani.

Wakati lalamiko linaendelea, lipa sehemu ya ankara ambayo huibishii, na utunze risiti. Tumeona mashauri mazuri yakiharibika kwa sababu mlalamikaji aliacha kulipa chochote, akakatiwa maji, na shauri la usomaji mbaya wa dira likageuka kuwa shauri la deni. Wapangaji wanaolalamika kwa pamoja waandike barua moja, kila mmoja aweke sahihi, na mwenye nyumba aweke yake kwanza, kwa kuwa jina lililo kwenye ankara ni lake.